Machicha ya Divai na Vidonge vya Presha

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Migori na Homa Bay. Tumeyaandika karibu kama tulivyoyasema, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Maswali ya kujadili katika kikundi yako mwishoni.)



Akina mama, wazee wetu, vijana, wenyeviti, makatibu na waweka hazina: tunawashukuru kwa kuacha shamba na soko mkaja. Tunajua wengine mmetoka mbali, Mbita na Karungu, na wengine mko barabarani tangu alfajiri. Hatutawachosha.

Leo hatuzungumzi juu ya kuku wala mizinga ya nyuki. Tunazungumza juu ya machicha. Naam, mcheke tu. Machicha kila mmoja hapa anayajua. Ukichuja busaa, kile kinachobaki kwenye kichujio ndicho machicha. Tunampa nguruwe, tunawarushia kuku, na kuku wakizidisha wanatembea upande upande kama mzee anayerudi kutoka soko jioni.

Sasa wamekuja watu wanaotuambia kwamba machicha ya zabibu, yaani ngozi na mbegu zinazobaki baada ya kukamua divai, ni dawa ya moyo na presha. Yanakuja yamesagwa, yametiwa katika vidonge, ndani ya kopo zuri lenye picha ya zabibu. Na vikundi vyetu viwili vinavyokamua mananasi vimetuuliza: Je, na sisi machicha yetu tuyakaushe, tuyasage, tuwauzie watu wenye presha?

Maswali haya ni ya haki na tutayajibu. Lakini kwanza tuna jambo la kuungama mbele yenu.

KOSA LETU

Mwaka uliopita alitujia muuzaji mmoja. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye maneno matamu na Biblia mkononi. Alituomba nusu saa tu baada ya mkutano wa vikundi katika ukumbi wa parokia. Tukampa. Hatukumwuliza dawa yake imesajiliwa wapi, wala imepimwa na nani. Tukakaa naye meza moja pale mbele, tukampigia makofi alipomaliza.

Alitumia Maandiko pia. Alikumbusha jinsi Mtume Paulo alivyomshauri Timotheo atumie divai kidogo. Watu wakaitikia amina. Hakuna aliyesimama kusema kwamba Paulo alizungumzia tumbo la Timotheo, hakuzungumzia presha, na machicha hakuyataja.

Miongoni mwa waliosikiliza alikuwepo mama mmoja. Jina lake na kikundi chake tunayaficha, lakini yeye mwenyewe ameturuhusu tusimulie. Alikuwa akitumia vidonge vya presha kwa miaka mitatu. Zamu yake ya mchango ilipofika, alinunua kopo moja. Bei yake ilikuwa kama ya mbuzi. Mwezi uliofuata hakuwa na pesa za kopo na nauli ya kwenda kliniki kwa pamoja. Ilibidi achague. Akachagua kopo, kwa sababu muuzaji alisema vidonge vya hospitali vinachosha figo na vyake ni vya asili.

Kopo la pili halikwisha. Asubuhi moja aliinama kuinua ndoo ya maji, mkono wa kulia ukakataa. Alipofikishwa hospitalini, presha ilikuwa 210 kwa 120. Ilikuwa kiharusi. Leo anatembea kwa fimbo. Jembe halishiki. Maneno yamerudi nusu. Binti yake aliacha shule akiwa kidato cha tatu ili amwangalie.

Hatuwezi kuapa kwamba kiharusi kisingempata kama angeendelea na vidonge. Lakini kila muuguzi atawaambia kwamba mtu wa presha akiacha dawa ghafla anacheza na hatari.

Tulipokwenda kumwona, hakutulaumu. Alisema polepole neno moja ambalo mpaka leo linatuchoma: "Nilidhani ni dawa ya kanisa."

Hapo ndipo tulipojua kosa letu. Muuzaji alileta makopo, lakini imani ya watu alituazima sisi. Kwa hiyo mazungumzo ya leo ni deni tunalolipa.

MACHICHA YA ZABIBU NI NINI?

Zabibu si zao letu la hapa. Jirani mwenye zabibu nyingi ni Dodoma, Tanzania, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu kwenye misheni ya Bihawana, na leo wakulima wadogo wa mkoa ule huvuna mara mbili kwa mwaka. Hapa Kenya zabibu za divai hulimwa upande wa Naivasha. Sisi Wakatoliki divai tunaijua kwa altare, na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka iwe ya zabibu halisi isiyoharibika.

Ukikamua kilo 100 za zabibu, machicha yanayobaki ni kama kilo 20 hadi 25: ngozi, mbegu na vikonyo. Kiwanda kikubwa hubaki na mlima wa machicha kila msimu. Tangu zamani wazungu waliyafanya mbolea, waliwapa ng'ombe, na Waitalia waliyachemsha wakapata pombe kali, kama sisi na kangara. Mbegu hukamuliwa mafuta. Baadaye wakaanza kukausha ngozi na mbegu na kutoa unga wa kutia kwenye vidonge.

Kugeuza takataka kuwa pesa si dhambi. Sisi wenyewe tunawafundisha kila siku kwamba samadi ni mali na maganda ni mali. Tatizo linaanza pale takataka inapopewa jina la dawa.

HADITHI ILITOKA WAPI?

Mwaka 1992 wataalamu wawili wa Ufaransa, Serge Renaud na Michel de Lorgeril, waliandika katika jarida la madaktari la The Lancet jambo la kushangaza. Wafaransa walikula siagi na jibini kwa wingi, lakini waliokufa kwa ugonjwa wa moyo walikuwa wachache kuliko katika nchi nyingine zenye chakula kama hicho. Wakadhani sababu ni divai. Magazeti na televisheni zikaidaka habari hiyo, na wauzaji wa divai wakafurahi sana.

Watu wakaanza kutafuta ni kitu gani hasa kilicho ndani ya zabibu. Wakataja kitu kinachoitwa resveratroli, kinachokaa kwenye ngozi ya zabibu. Basi makopo yakaanza kutoka.

Tangu hapo mambo matatu yametokea, na muuzaji hakuyataja.

Kwanza, mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Connecticut huko Marekani kilitangaza kwamba mtafiti wake mmoja aliyesifu sana resveratroli, Dipak Das, alikuwa amebuni au kugeuza matokeo mara 145. Yaani mambo ambayo wauzaji waliyategemea, mengine hayakuwa ya kweli.

Pili, mwaka 2014 yalitoka matokeo ya uchunguzi wa wazee 783 wa eneo la Chianti, Italia, kwenye mashamba ya zabibu kwenyewe. Walifuatiliwa kwa miaka 9. Wale waliokuwa na resveratroli nyingi zaidi mwilini kutokana na chakula chao hawakuishi zaidi ya wenzao, wala magonjwa ya moyo hayakuwapungukia.

Tatu, Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Na sisi tunajua kwamba pombe ikizidi, presha inapanda. Kwa hiyo asije mtu akaanza kunywa kila jioni akisema analinda moyo. Hata kama ngozi ya zabibu ingekuwa na faida, lita nzima ya divai nyekundu ina miligramu chache tu za resveratroli. Utalewa kabla moyo haujaona kitu.

JE, HAYANA FAIDA HATA KIDOGO?

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, kwa hiyo tuseme kweli yote. Machicha ya zabibu si sumu na si upuuzi. Yana nyuzinyuzi nyingi, na nyuzinyuzi ni nzuri kwa tumbo na husaidia kupunguza mafuta mabaya katika damu. Mbegu na ngozi zina vitu vinavyoitwa polifenoli. Hivyo ndivyo vinavyoipa ngozi rangi ile nyekundu na ule ukakasi unaofunga mdomo.

Dondoo la mbegu za zabibu limejaribiwa kwa watu. Majaribio mengine yalionyesha presha kushuka kidogo. Mengine hayakuonyesha kitu. Mengi yalikuwa ya watu wachache na ya wiki chache tu. Kwa maneno ya kikwetu: labda linasaidia kidogo, labda halisaidii. Mtu mwenye presha ya 180 hawezi kulitegemea, kama vile huwezi kuezeka nyumba kwa majani ya kiganja kimoja.

Na kuna watu ambao kwao "kidogo" hiyo inaweza kuleta taabu: mama mjamzito, mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, na mtu anayekaribia kufanyiwa upasuaji. Wenye kutumia dawa za ARV pia, kabla ya kumeza kitu chochote cha kopo, waonyeshe kliniki kwanza. Sisi wa upande huu wa ziwa tumejifunza kwa machozi kwamba dawa ya kila siku haiachwi. Mnakumbuka mwaka 2011 watu walivyofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Wako wagonjwa waliorudi wakaacha dawa za hospitali wakiamini wamepona. Hatumsemi vibaya marehemu. Tunasema tu kwamba matumaini yasiyopimwa yana gharama, na anayelipa ni mgonjwa.

LILE KOPO LENYEWE LILISEMA NINI?

Tulipokuwa kwa yule mama, tuliomba tulione kopo. Lilikuwa limetoka Marekani. Binti yake, yule aliyeacha shule, alitusomea maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa nyuma, madogo kama mchwa. Kwa Kiswahili yalisema kwamba bidhaa hii haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote.

Jamani! Kopo lenyewe lilikuwa limekataa kuitwa dawa. Aliyeliita dawa ni mdomo wa muuzaji.

Sababu ni hii. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1994 ambayo inaruhusu virutubisho vya namna hii kuuzwa bila kwanza kuthibitisha kwamba vinaponya, mradi visidai kuponya. Ndiyo maana maneno yale yameandikwa. Dawa halisi ni lazima ipimwe na kusajiliwa. Hapa kwetu kazi hiyo ni ya Bodi ya Dawa na Sumu. Kwa hiyo mtu akikuletea kopo, jambo la kwanza ni kutafuta kijana anayejua Kiingereza asome yale maandishi madogo. Yale makubwa yameandikwa ili ununue.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatusemi kila kinachotembezwa ni kibaya, maana hata omena hutembezwa. Lakini uliza maswali.

NA MACHICHA YA MANANASI?

Sasa tuwajibu wale wa mananasi. Jibu letu ni: msiyauze kama dawa ya presha. Hakuna ushahidi, na mkidai kuponya mnaingia katika kazi ya Bodi ya Dawa na Sumu. Chakula cha paketi kinachouzwa dukani nacho kinahitaji alama ya Shirika la Viwango. Tena divai yenyewe, hata ikiwa ya mananasi, ni pombe mbele ya sheria ya mwaka 2010, na pombe huuzwa kwa leseni. Kikundi kisije kikafungiwa hazina yake kwa ajili ya chupa ishirini. Mkitaka ushauri wetu, kamueni maji ya matunda, muuze siku hiyo hiyo.

Machicha yana kazi nyingine nzuri:

1. Chakula cha mifugo. Wapeni ng'ombe na nguruwe yakiwa mabichi, siku ile ile, na yachanganywe na chakula kingine. Yasiwe mlo peke yake.

2. Siki. Maganda na machicha ya nanasi, maji na sukari kidogo hutoa siki ya kuhifadhia mboga na pilipili.

3. Mbolea ya mboji. Changanyeni na majani makavu na samadi.

Jambo moja muhimu sana: machicha mabichi huota kuvu upesi. Ukisahau gunia siku mbili wakati wa mvua, limekwisha. Usimpe mnyama, na usimpe mtu. Mwaka 2004 huko Ukambani watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu. Sumu hiyo huioni kwa macho na haiishi kwa kuchemsha. Ndiyo maana tunaogopa sana unga wa machicha uliokaushwa juu ya mkeka kando ya barabara na kuitwa dawa.

TULIYO NAYO NYUMBANI

Sasa sikilizeni jambo la kufurahisha. Zile polifenoli za ngozi ya zabibu zina ndugu zao katika ngozi ya mtama mwekundu na ya wimbi. Ukakasi ule wa mtama mwekundu unaoujua ulimini ni wa ukoo huo huo. Bibi zetu walikunywa nyuka ya wimbi kila asubuhi, na hakuna aliyewauzia kwenye kopo.

Lakini mambo mawili tuyaangalie. La kwanza, faida iko kwenye ngozi. Ukienda kinuni ukataka unga mweupe uliokobolewa, ngozi imebaki kwa mwenye kinu na ng'ombe wake ndio wanaonufaika. Sagisha nafaka nzima. La pili, tusije sisi tukafanya kosa lile lile na kuanza kutangaza kwamba wimbi linatibu presha. Wimbi ni chakula kizuri. Halitibu kiharusi.

Pamoja na wimbi kuna osuga, dek, apoth na majani ya kunde. Kuna maharagwe, njugu, parachichi, ndizi, viazi vitamu vya Kabondo, na samaki wa ziwa letu. Huo ni mlo unaosaidia moyo.

Adui mkubwa katika sufuria ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa chumvi yote: ya mboga, ya samaki aliyekaushwa kwa chumvi, ya vikolezo vya paketi, na ile unayonyunyiza mezani kabla hata hujaonja. Tena kuna moja tunaisahau. Tukipika mboga za kienyeji tunatia magadi, au bala, ili zilainike. Magadi nayo yana sodiamu, ile ile inayopandisha presha kwa njia ya chumvi. Tumia maziwa, pika polepole, punguza bala. Mama mkwe atasema mboga haina ladha. Mvumilie wiki tatu, ulimi utazoea.

Na wazee wetu wa tumbaku, hasa wale wa Uriri na Kuria, tunawaomba: ikiwa ni lazima muilime, basi msiivute.

KINACHOOKOA MAISHA

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Tuhesabu wenyewe humu ukumbini. Tuko watu kama sitini. Kumi na watano hivi wanaweza kuwa na presha, na wengi hawajui, kwa sababu presha haiumi. Siku inapouma ndiyo siku ya ndoo.

Kuna jambo lililojaribiwa hapa kwetu, si Italia. Kati ya mwaka 2013 na 2017 ulifanyika utafiti mkubwa ulioitwa SEARCH katika jamii 32 za Uganda na Kenya ya magharibi, na sisi wa Nyanza ya kusini tulikuwemo. Katika nusu ya jamii hizo watu walipimwa virusi vya UKIMWI, sukari na presha kwa pamoja, wakaunganishwa na kliniki iliyo rafiki, wakafuatiliwa. Baada ya miaka mitatu, kati ya wenye presha katika jamii hizo, 47 kwa kila 100 walikuwa wameidhibiti. Kwenye jamii nyingine walikuwa 37. Hakuna zabibu iliyotumika. Ilitumika mashine ya kupimia, vidonge vya kawaida, na mtu wa kukukumbusha.

Ndiyo sababu tunasema dawa ya presha ya kikundi ni kikundi chenyewe. Tangu Septemba 2023 serikali ilitoa wahudumu wa afya wa vijijini wapatao laki moja nchini kote, na katika mikoba waliyopewa imo mashine ya kupimia presha. Mtafuteni wa kijiji chenu. Ikiwa mashine yake imeharibika, semeni kwenye zahanati, msinyamaze.

Tunapendekeza mambo matano:

1. Kila kikundi kitenge dakika kumi kabla ya mchango, wanachama wapimwe presha mara moja kila mwezi. Mtu akipata 140 kwa 90 au zaidi, arudie siku nyingine; ikibaki juu, aende kliniki. Ikifika 180 kwa 120, asingoje siku nyingine, aende siku ile ile.

2. Kikundi kisicho na mhudumu karibu kinunue mashine yake. Wale wa kikundi cha mama yetu wamepiga hesabu wakaona pesa walizotoa kwa makopo zingenunua mashine, na baki ingekuwepo.

3. Mfuko wa dharura uruhusu mkopo mdogo wa nauli ya kliniki bila riba. Dawa nyingi za presha ni za bei ndogo. Kinachowashinda watu ni safari, foleni, na siku ambayo dawa imekwisha katika zahanati.

4. Kila mwenye presha awe na mwenzake mmoja wa kumwuliza: "Umemeza leo?" Kama tulivyofanya na ARV.

5. Hakuna muuzaji wa dawa au virutubisho atakayesimama mbele ya kikundi kabla kamati haijamwuliza: Imesajiliwa wapi? Maandishi madogo yanasema nini? Unasema niache dawa ya hospitali? Akisema ndiyo kwa lile la mwisho, msindikizeni mpaka barabarani.

Na sisi wa ofisi tumeweka sheria yetu: ukumbi wa parokia hautatolewa tena kwa mauzo ya namna hiyo.

NENO LA MWISHO

Wengine watasema, kwani Mungu hawezi kuponya kwa mimea? Anaweza. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu tabibu, na kinakiri kwamba dawa zimetoka ardhini kwa mkono wa Bwana. Someni sura hiyo yote nyumbani. Haimwambii mtu achague kati ya sala na tabibu. Inampa vyote viwili.

Kama una kopo nyumbani sasa hivi, hatukuambii ulitupe, pesa yako imeshaondoka. Lakini usiache vidonge kwa ajili yake, hata siku moja. Lichukue uende nalo kliniki, wakuambie kama linagongana na dawa zako. Na usinunue la pili.

Yule mama anawasalimu. Amerudi kwenye vidonge, na presha yake mwezi uliopita ilikuwa 138 kwa 86. Kikundi chake kinamlimia zamu kwa zamu. Kuhusu binti yake, tumezungumza na mwalimu mkuu, amekubali kumpokea muhula ujao. Karo haijatimia. Kapu liko pale mlangoni mtakapotoka, na sisi tumeshaanza.

 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni wangapi wamepimwa presha mwaka huu? Nani hajapimwa kamwe, na kwa nini?

2. Je, yuko mtu tunayemjua aliyeacha dawa za hospitali kwa sababu ya kitu alichouziwa? Ilikuwaje?

3. Jikoni kwetu, chumvi na bala vinaingia kwa njia gani? Tunaweza kupunguza nini wiki hii?

4. Ni nani katika kikundi anaweza kutusomea maandishi ya Kiingereza kabla hatujanunua?

5. Muuzaji mwingine akija kesho na Biblia mkononi, tutamwuliza nini?